Joto la Maji katika Tangi la Samaki: Kulidhibiti Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Maelekezo mengi kuhusu samaki wa tangi la kioo yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, na karibu kila mara ushauri wao wa kwanza ni kununua hita. Mkazi wa Kisumu anayeufuata bila kupima huenda akatumia pesa kupasha moto maji ambayo tayari yamezidi joto. Mji huu uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Alasiri ya Februari hewa hufika digrii 30 za Selsiasi na kupita, na ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari huzidi hapo. Usiku wa Julai hushuka hadi digrii 17 hivi. Kwa tangi la sebuleni, basi, adui wa kwanza ni joto la alasiri, na wa pili ni kupanda na kushuka kwa joto hilo ndani ya siku moja.

Ziwa lenyewe halina tabia hiyo. Maji ni mengi mno kubadilika haraka, na tabaka la juu hubaki takriban kati ya digrii 24 na 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ngege na fulu wamezoea utulivu huo. Tangi la lita 20 lililowekwa dirishani laweza kupita digrii hizo zote kuanzia alfajiri hadi saa tisa, na samaki hana kina cha kukimbilia.

Joto linamuua samaki kwa njia gani

Joto peke yake mara nyingi si muuaji. Linaleta mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni oksijeni. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na mahali pa juu hushika kidogo zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Katika usawa wa bahari, maji baridi yasiyo na chumvi yenye digrii 25 hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Katika mwinuko wa Kisumu kiasi hicho ni takriban 7.2, na maji yakifika digrii 30 hushuka hadi 6.6 hivi. Wakati huohuo mwili wa samaki unafanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni nyingi kuliko asubuhi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Samaki wanaokuja juu ya maji na kupiga midomo hawana njaa, ingawa watoto wengi hudhani hivyo na kuwaongezea chakula, jambo linalozidisha taabu.

Wafugaji wa vizimba wanaijua hasara ya aina hii. Novemba 2022 samaki wengi walikufa katika vizimba vya Ghuba ya Winam, wakiwemo wa ufuo wa Ogal, na upungufu wa oksijeni ndio uliotajwa kuwa chanzo. Ziwani oksijeni hupungua kwa sababu nyingine, hasa maji ya chini yanapopanda juu, lakini kwa samaki matokeo ni yaleyale, awe kizimbani au mezani pa sebule.

La pili ni amonia, ambayo hutoka katika kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Sehemu ya amonia hiyo ni sumu, na sehemu nyingine haina madhara makubwa. Joto linapopanda, sehemu yenye sumu huongezeka: katika maji yenye pH ya 8, sumu ni takriban asilimia 5.4 ya amonia yote kwenye digrii 25, na hufika asilimia 7.5 kwenye digrii 30. Tangi lililokuwa na uchafu wa kuvumilika asubuhi linaweza kuwa na sumu alasiri bila mtu kuongeza chochote.

Kipimo kabla ya ununuzi

Kinachohitajika kwanza ni kipimajoto cha kioo chenye spiriti ya rangi nyekundu, au kile cha dijitali chenye waya wa kutumbukizwa majini. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa kuwa kwa kawaida huanza kusoma kuanzia digrii 35, na tangi likifika hapo samaki wengi huwa wamekwisha kufa. Kile cha zebaki kisiingizwe kabisa: kikivunjika, sumu yake ni hatari kwa samaki na kwa watu wa nyumba hiyo.

Vipimajoto vya bei ndogo hudanganya kwa digrii moja au mbili. Kukijaribu ni rahisi. Barafu iliyopondwa hujazwa kwenye kikombe, maji kidogo yanaongezwa, mchanganyiko unakorogwa, kisha kipimajoto kinaachwa humo kwa dakika tatu au nne. Kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma mbili, basi kila kipimo chake kinapunguzwa mbili.

Vipimo huandikwa mara tatu kwa siku kwa muda wa wiki moja: alfajiri kabla ya jua kuchomoza, saa tisa alasiri, na saa tatu usiku. Daftari la shule linatosha. Tangi la ngege wadogo, fulu au gupi ambalo halipiti digrii 29 alasiri wala halishuki chini ya 23 alfajiri halihitaji kifaa chochote, na mwenye nyumba anaweza kuweka pesa zake. Samaki wa dhahabu wanaouzwa madukani mjini ni tofauti. Hao hupenda maji ya digrii 18 hadi 24, na kwa kweli Kisumu si mji wao. Anayewapenda ajue kwamba ndio watakaomtaabisha zaidi.

Tofauti kati ya alfajiri na alasiri ikizidi digrii 4, dawa ya kwanza ni kuhamisha tangi.

Mahali pa kuliweka

Ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima, kwa hiyo tangi lisiegemee huko. Kwa kuwa Kisumu iko karibu na ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini. Dirisha lisilo na jua wakati huu linaweza kuwa nalo miezi sita baadaye, na wengi hushangaa tangi lililotulia tangu Machi linapoanza kubadilika rangi na kuwa kijani mwezi wa Juni. Ukuta wa ndani, unaotenganisha chumba na chumba, ndio bora zaidi.

Mabati ndiyo kesi ngumu. Bati lililopigwa na jua hutoa joto kuelekea chini, na joto hilo hupiga uso wa maji moja kwa moja. Dari ya mbao au ya makuti husaidia sana. Pasipo dari, hata mkeka uliotandazwa kwenye kamba nusu mita juu ya tangi hukinga sehemu kubwa ya joto hilo. Nyuma na pembeni mwa tangi panaweza kubandikwa vipande vya povu jeupe gumu, lile linalokuja limezungushiwa televisheni mpya kwenye boksi. Povu hilo hupunguza joto linaloingia mchana na linalotoka usiku, na mafundi wengi wa vifaa vya umeme hulitupa.

Ukubwa nao una uzito wake. Lita 100 hubadilika polepole kuliko lita 20 katika chumba kilekile, hivyo mwanzilishi anayechagua tangi dogo akidhani ni rahisi kulitunza amejichagulia kazi kubwa. Taa za zamani za balbu hupasha maji. Za LED hupasha kidogo. Pampu inayozamishwa majini pia hutoa joto, na pampu ya hewa inayokaa nje haina tatizo hilo.

Somo la mtungi

Kila nyumba iliyowahi kuwa na dapi inajua jinsi ya kupoza maji bila friji. Maji hupenya polepole kwenye udongo wa mtungi, yanakauka upande wa nje, na yanapokauka huchukua joto kutoka kwa yale yaliyobaki ndani. Kioo hakipitishi maji, lakini uso wa tangi unaweza kufanya kazi hiyohiyo ukipata upepo.

Nguvu ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Lita moja ikikauka kutoka tangi la lita 100, joto inalochukua lingetosha kuyashusha maji yaliyobaki kwa karibu digrii 6, kama hakuna joto jipya linaloingia. Joto jipya huingia kila wakati, kwa hiyo upungufu unaoonekana kwa kawaida ni digrii 2 hadi 4. Kwa tangi linalofika 31, hiyo ndiyo tofauti kati ya samaki wanaohema juu ya maji na samaki waliotulia.

Kifaa chenyewe ni feni ndogo ya volti 12 iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Mafundi wa kompyuta mjini huwa nazo kwa wingi. Feni hufungwa ukingoni mwa tangi ikielekea majini kwa mshazari, ili upepo utambae juu ya uso mzima. Kifuniko cha kioo lazima kiondolewe, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani huzuia maji kukauka, na badala yake kinawekwa kipande cha neti ya mbu kilichovutwa na kukazwa. Ngege huruka. Tangi lisilofunikwa litapoteza samaki sakafuni kabla halijawapoteza kwa joto.

Mwenye tangi atahitaji kuongeza maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa 35 hupungua kina kwa takriban milimita 3.5 kwa kila lita inayokauka, hivyo kipande cha utepe kilichobandikwa kwenye kioo kitaonyesha kazi ya feni kila siku. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini, ambayo huwadhuru samaki. Yakiachwa katika ndoo wazi kwa saa 24 sehemu kubwa ya klorini hutoka, hasa yakipuliziwa hewa. Na kwa kuwa maji hukauka lakini chumvi zake hubaki, kujazia tu hakutoshi: sehemu ya maji ya zamani hutolewa na kubadilishwa kila wiki.

Feni ina mpaka wake. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hayakauki vizuri, na upoaji hudhoofika. Kwa bahati nzuri saa zenye joto kali hapa ni za kiangazi, wakati hewa ya mchana ni kavu zaidi. Mwenye nyumba pia ana msaidizi wa bure: upepo wa ziwa unaoingia mjini alasiri. Madirisha mawili yanayokabiliana yakifunguliwa kuanzia saa saba, hewa ya moto iliyojikusanya chini ya bati hupata pa kutokea.

Barafu hutumiwa na wengi, na hapa hesabu ni muhimu. Chupa ya nusu lita iliyoganda, ikielea katika lita 100, hushusha joto kwa takriban nusu digrii tu. Chupa ya lita mbili hushusha zaidi ya digrii 2. Katika tangi la lita 20, chupa hiyohiyo ya lita mbili ingeshusha karibu digrii 10, na mshtuko huo ni mbaya kuliko joto lenyewe. Kiasi cha digrii moja kwa saa, mbili zikizidi sana, ndicho ambacho samaki huvumilia bila shida. Barafu ibaki ndani ya chupa iliyofungwa, isimwagwe majini.

Kuifanya feni ijiendeshe

Feni ikiachwa usiku kucha itapoza maji wakati ambapo hayahitaji kupozwa. Kidhibiti cha joto cha dijitali cha volti 12 hutatua hilo. Ni bodi ndogo yenye namba zinazowaka na waya wenye kihisio mwishoni. Kihisio hutumbukizwa majini mbali na feni, na bodi huwasha feni joto likifika kiwango kilichochaguliwa.

Kosa la kawaida ni kupanga feni iwake kwenye 28 na izime hapohapo kwenye 28. Ikipangwa hivyo itawaka na kuzima kila dakika chache hadi swichi ya ndani iharibike. Iwekewe nafasi: iwake kwenye 28 na izime kwenye 27.

Feni ya aina hii hutumia wati 2 au 3. Betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ikitumiwa nusu tu ili isichakae, inaweza kuiendesha kwa zaidi ya nusu siku stima ikipotea. Betri ikiwa ndogo na ikibidi kuchagua, pampu ya hewa ipewe nafasi ya kwanza na feni isubiri.

Stima na maji

Vifaa vya volti 12 vimependekezwa hapa kwa sababu maalum. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na mkono uliolowa ukishika waya wake unaweza kumuua mtu. Koili ya kuchemshia maji ya kuoga ndani ya ndoo isitumiwe kamwe katika tangi la samaki, hata kwa dakika mbili, hata kama hakuna kifaa kingine. Haina themostati, hutoa joto kali mahali pamoja, na ikivuja huyapitishia umeme maji ambayo mtoto atatia mkono kulisha samaki. Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu nazo hazina nafasi karibu na maji.

Kila waya unaotoka kwenye tangi kwenda soketi uachwe ulegee na kuning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda tena. Maji yanayotiririka kwenye waya yatadondoka kwenye kipinda hicho na hayataifikia soketi. Adapta isilazwe sakafuni chini ya tangi. Plagi zote za stima kuu zichomolewe kabla ya mkono kuingia majini. Nyumba isiyo na swichi inayokata umeme unapovuja inaweza kuwekewa na fundi mwenye leseni ya EPRA, na faida yake haiishii kwenye tangi la samaki.

Vifaranga wa mumi: pale hita inapohitajika

Wako wakazi ambao kwao baridi ni hasara ya kweli. Ni wale wanaozalisha vifaranga vya kambare mumi nyumbani, kwa ajili ya mabwawa au kuwauzia wavuvi wa mbuta wanaovitumia kama chambo cha kaputi na ndoano.

Mayai ya mumi hufuata joto kwa ukali. Maji yakiwa digrii 28, huanguliwa kwa takriban saa 22. Yakiwa digrii 21, huchukua takriban saa 46. Ukungu mweupe hushambulia mayai yaliyokufa na kusambaa hadi kwenye yaliyo hai, kwa hiyo kila saa ya ziada inamuongezea mfugaji hasara. Usiku wa Juni au Julai, tangi lisilokingwa katika nyumba ya mabati linaweza kufika huko chini kabla ya jogoo la pili. Kupita digrii 30 nako hakufai, kwani mayai mengi huharibika.

Povu gumu pande zote nne, chini na juu ndiyo hatua ya kwanza, na mara nyingine hutosha. Friji ya kulala iliyokufa hufanya kazi vizuri zaidi ya kioo kwa sababu kuta zake zimejaa povu tayari. Fundi wa friji aitoe kwanza gesi na mota, na kifuniko kisifungwe kabisa ili hewa ipite.

Hita ikinunuliwa, iwe ya kuzamishwa yenye themostati yake. Kanuni ya vitabu ni wati moja kwa kila lita, lakini hiyo ni ya vyumba vya Ulaya wakati wa baridi. Fulu kadhaa waliotoweka ziwani baada ya mbuta kuletwa miaka ya 1950 na kuzidi miaka ya 1980 wamehifadhiwa hadi leo katika matangi ya Ulaya na Marekani, na huko hita kubwa ni lazima. Hapa, tangi lililokingwa la lita 100 linahitaji kupandishwa digrii chache tu, na wati 50 zinatosha. Udogo huo pia ni kinga. Themostati hukwama, na mara nyingi hukwama ikiwa imewashwa. Hita ya wati 200 iliyokwama saa mbili usiku inaweza kuongeza karibu digrii 10 kwenye lita 100 kabla ya mapambazuko, hata tangi likiwa wazi bila povu. Ya wati 50 huongeza chini ya nusu digrii kwa saa, na mfugaji anayeamka mara moja usiku ataikuta hatari ikiwa bado ndogo.

Stima ikipotea, chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ya digrii 60 na kufungwa vizuri itaongeza takriban nusu digrii kwa lita 100. Maji ya digrii 60 ni yale ambayo mkono hauwezi kuyavumilia lakini bado hayajaanza kutoa mapovu ya kuchemka. Yaliyochemka hukunja chupa ya plastiki na kupasha kupita kiasi mayai yaliyo jirani. Chupa iwekwe mbali na mayai, ibadilishwe kila saa, na pampu ya hewa iendelee kwa betri. Maafisa wa uvuvi katika wadi wanaweza kuulizwa kuhusu uzalishaji wa vifaranga, na mfugaji atakayekwenda na daftari lake la vipimo vya alfajiri na alasiri atawapunguzia maswali mengi.